Uzi maalumu: Msongo wa mawazo, homoni na kinga ya mwili. Tuongee kwa saa, vipimo na dozi

#1 Tezi_na_Damu (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Humu jukwaani haipiti wiki bila mtu kuandika kwamba kortisoli ni sumu ya msongo na kwamba kuna unga wa kuisafisha. Watu wanatoa hela zao kununua unga huo huku vipimo vya maana hawajafanya. Nimeona tuliweke jambo lote kwenye uzi mmoja, na wenye ujuzi wa maabara, famasia na wodi waongezee nondo.

Kortisoli ni homoni, na ukiikosa kabisa unakufa. Inatengenezwa kwenye gamba la nje la tezi za adrenali, zile mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na mtu mzima mwenye afya anatoa kama miligramu 10 hadi 20 kwa siku. Inazuia presha isiporomoke, inaliamrisha ini litengeneze sukari pale chakula kinapochelewa, na inaituliza kinga ya mwili isije ikashambulia kupita kiasi.

Jambo la kutisha au kukera likitokea, mwili una njia mbili. Ya kwanza ni ya mishipa ya fahamu. Ubongo unatuma taarifa moja kwa moja kwenye kiini cha adrenali, na adrenalini inamwagika ndani ya sekunde. Moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, tumbo linasimamisha kazi. Lakini adrenalini haikai: ndani ya dakika mbili tatu nusu yake imeshaondoka kwenye damu.

Ya pili ni ya homoni, na hii ina hatua tatu. Haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, inatoa homoni iitwayo CRH. CRH inaiamsha tezi ya pituitari itoe ACTH. ACTH inasafiri na damu hadi kwenye adrenali, na hapo ndipo kortisoli inaanza kutengenezwa kutokana na kolesteroli. Haina ghala, inatengenezwa papo hapo, ndiyo maana inachelewa. Kilele chake ni kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio, na nusu yake huchukua saa moja hadi saa moja na nusu kuondoka. Dereva aliyekoswakoswa na lori pale Boma Ng'ombe, mikono itaacha kutetemeka mapema, lakini kortisoli yake ndiyo kwanza inapanda anapopita njia panda ya KIA, na atafika Usa River ikiwa bado iko juu.

Kwa kawaida kortisoli ikitosha, yenyewe inarudi kuiambia haipothalamasi na pituitari zinyamaze. Mfumo unajizima.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui ni ratiba. Hata bila msongo wowote kortisoli haiko sawa saa zote. Inaanza kupanda alfajiri ukiwa umelala, inaruka juu zaidi dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha inashuka siku nzima hadi chini kabisa karibu saa sita usiku. Chembe nyeupe za damu, ini, mifupa na utumbo vyote vinafuata ratiba hiyo. Msongo wa muda mrefu haudhuru kwa wingi wa kortisoli peke yake. Unadhuru kwa kuvuruga ratiba: usiku haishuki vya kutosha, asubuhi haipandi ipasavyo, na seli zilizopaswa kuitii zinaacha kuitii. Hilo la mwisho ndilo kiini cha uzi huu.

#2 Kijana_Ngarenaro

Mkuu asante kwa madini. Swali: msongo unashusha kinga au unaipandisha? Maana huku wanasema unaleta mafua na mkanda wa jeshi, kule wanasema unachochea pumu na maumivu ya viungo, ambayo ni kinga iliyozidi. Vinaendaje pamoja?

#3 Tezi_na_Damu (Moshi)

Swali zuri sana ndugu, na jibu linategemea muda.

Kwenye msongo wa dakika au saa, adrenalini inazitoa seli nyeupe zilizojibanza kwenye kuta za mishipa na kwenye wengu, zinaingia kwenye mzunguko. Baadaye kidogo kortisoli inazihamisha limfosaiti (aina mojawapo ya seli nyeupe) kutoka kwenye damu kwenda kwenye ngozi, tezi za limfu na uboho. Hazijafa, zimepangiwa lindo. Mwili umejiandaa kupokea jeraha. Kwa hiyo mtihani mmoja au ugomvi mmoja haumalizi kinga ya mtu.

Msongo wa miezi ni habari nyingine, na hapo mambo mawili yanatokea kwa pamoja. La kwanza, kinga inayopambana na vijidudu vilivyojificha ndani ya seli inalegea. Limfosaiti T zinazaliana kidogo, na zile seli zinazoua seli zilizoingiwa na virusi zinapungua makali. Virusi vya tetekuwanga vilivyolala kwenye mishipa ya fahamu tangu utotoni vinapata mwanya, na huo ndio mkanda wa jeshi. Vile vya vidonda vya mdomo navyo hivyo hivyo.

La pili, seli za kinga zinapunguza usikivu kwa kortisoli. Zina vipokezi vya kuipokea, na zikigongwa mfululizo usiku na mchana vipokezi hivyo vinafifia. Ni sawa na king'ora kinacholia kila usiku bila mwizi: mwishowe mlinzi hageuki. Kortisoli ipo kwenye damu, pengine hata kipimo kinasoma kawaida, lakini amri ya kutuliza uvimbe (ule wekundu, joto na maumivu yanayoletwa na kinga ikipigana) haifuatwi. Kemikali za uvimbe kama IL-6 zinabaki juu, CRP (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe) inapanda kidogo kidogo, na mwenye pumu, ukurutu au baridi yabisi anaona ugonjwa unaamka. Ndivyo mtu mmoja anavyoweza kuwa na kinga dhaifu dhidi ya virusi na wakati huo huo uvimbe uliozidi.

Haya yamepimwa kwa watu. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Uingereza, ambapo watu wazima 394 wenye afya waliwekewa virusi vya mafua puani kwa makusudi kisha wakatengwa. Kadiri kiwango cha msongo kilivyokuwa juu, ndivyo walioambukizwa na kuugua walivyokuwa wengi. Mwaka 2012 timu yake ikaonyesha kwamba walioathirika zaidi ni wale ambao seli zao zilikuwa zimeacha kuitii kortisoli.

Kuhusu vidonda, Janice Kiecolt-Glaser wa Ohio, Marekani, mwaka 1995 alilinganisha wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau na wengine 13 wa umri ule ule wasiouguza mtu. Wote walitobolewa kijidonda cha milimita 3.5 kwenye mkono. Kwa wauguzaji kilichukua siku 48.7 kwa wastani kupona, kwa wengine siku 39.3. Tofauti ya siku tisa kwenye kidonda kidogo hivyo! Mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani mwenye kidonda mguuni alifikirie hilo.

#4 Kaloleni_Maabara (Arusha)

Wakuu, niongezee upande wa vipimo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Kwanza, kortisoli ya damu si kipimo cha msongo. Kipimo hiki kiliwekwa kutafuta magonjwa mawili: adrenali kushindwa kazi, na adrenali kutoa kupita kiasi. Mtu mwenye msongo mkubwa anaweza kusoma kawaida kabisa, na mtu aliyeogopa sindano tu anaweza kusoma juu.

Daktari akiiandika, damu itolewe karibu saa mbili asubuhi, isivuke saa tatu. Mteja akae atulie nusu saa kwanza. Aliyetoka Kisongo kwenye boda, akakimbilia dirishani na kuchomwa hapo hapo, jibu lake linaweza kupanda bila ugonjwa wowote. Chupa ni ya kifuniko chekundu au cha njano. Damu iachwe igande dakika 30, izungushwe kwenye mashine dakika 10, seramu itengwe. Kwenye fomu iandikwe saa ya kutoa damu, saa aliyoamka, na kama anafanya kazi usiku, kwa sababu saa mbili asubuhi ya mlinzi anayetoka lindo si asubuhi ya mwili wake.

Majibu ya asubuhi kwa maabara nyingi ni kati ya 5 na 25 µg/dL, yaani kama 140 hadi 690 nmol/L. Mashine zinatofautiana kipimo, kwa hiyo kabla hujashtuka angalia imeandikwaje: µg/dL moja ni sawa na 27.6 nmol/L. Chini ya 3 µg/dL asubuhi, adrenali inashukiwa sana kushindwa. Katikati hapo namba peke yake haitoshi.

Vinavyoharibu jibu ni hivi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaongeza protini inayobeba kortisoli, jibu la jumla linapanda bila kortisoli huru kubadilika. Prednisoloni na deksamethasoni ni steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kortisoli. Prednisoloni mashine nyingi zinaisoma kama kortisoli, jibu linadanganya kuelekea juu. Deksamethasoni haisomwi, lakini inaizima kortisoli ya mwili, jibu linashuka. Na vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, miligramu 5 hadi 10, vinavuruga aina nyingi za vipimo vya homoni, hata vya tezi ya shingo. Viachwe angalau siku mbili kabla. Wateja hawavitaji vidonge hivi kwa sababu hawavihesabu kama dawa. Waulizeni kwa kuvitaja.

La pili, picha ya damu, FBP. Kortisoli ikiwa juu, kati ya aina za seli nyeupe utaona nyutrofili zimepanda, limfosaiti zimeshuka, eosinofili karibu hazipo. Hii inatokea ndani ya saa chache baada ya ajali, upasuaji, uchungu wa kujifungua au dozi ya prednisoloni, bila bakteria yeyote. Nyutrofili kuwa juu peke yake siyo tiketi ya kuandikiwa antibayotiki. Na kinyume chake ni muhimu zaidi: mgonjwa mahututi, presha iko chini, halafu eosinofili zimejaa kwenye FBP. Mwili ulio kwenye hatari ile ulipaswa kuzifuta. Mpigieni daktari simu, adrenali zinaweza kuwa zimezima.

#5 Mama_Sakina

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba wataalamu waguse upande wa akina mama. Je, ni kweli mama anayenyonyesha akiwa na mawazo maziwa yanakauka? Na msichana kukosa siku zake kwa ajili ya mitihani, ni kweli au ni kisingizio?

#6 Nesi_Pasua (Moshi)

Marahaba mama. Yote mawili ni kweli, ila la maziwa linaelezwa vibaya.

Kuna homoni mbili. Prolaktini inatengeneza maziwa, oksitosini inayasukuma yatoke. Hofu na maumivu vinaizuia oksitosini. Kwa hiyo mara nyingi maziwa yapo ila hayashuki. Mtoto anavuta, analia, mama anaogopa zaidi, oksitosini inazidi kuzuilika. Ndugu wanakimbilia kununua maziwa ya kopo, mtoto anaacha kuvuta, na hapo sasa prolaktini inashuka kweli na maziwa yanapungua kweli.

Mama akae ameegemea, mgongo umeshikwa, apewe kitu cha moto anywe. Mtoto avuliwe, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi. Kitambaa cha uvuguvugu kwenye titi dakika tano, kisha mtu amkande mgongoni kwa dole gumba pande zote mbili za uti wa mgongo kutoka shingoni kushuka. Titi likamuliwe kidogo kwa mkono kabla mtoto hajashikishwa. Anyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku asiruke, kwa sababu prolaktini ya usiku ndiyo inayojaza. Uthibitisho kwamba mtoto anapata ni mkojo: kuanzia siku ya tano, nepi sita zilizolowa au zaidi kwa siku. Wageni waliokuja kumwona mtoto na kuanza kutoa maoni juu ya titi la mama, watolewe nje kwa adabu.

Kuhusu siku za mwezi, CRH na kortisoli zinaibana homoni ya haipothalamasi inayoendesha mayai. Msongo pamoja na kula kidogo au mazoezi makali vinaweza kuzizuia kabisa. Lakini kipimo cha kwanza ni cha mimba, hata kama ameapa. Zikipita miezi mitatu bila kuona, aende kliniki apimwe prolaktini na TSH (homoni inayoiongoza tezi ya shingo).

#7 Mfamasia_Njiro (Arusha)

Nashukuru uzi umefika hapa, kwa sababu kuna kundi kubwa linaloharibu mfumo huu wa haipothalamasi na adrenali bila kujua, na msongo hauhusiki. Nazungumzia mkorogo, sindano za kunenepesha na prednisoloni inayonunuliwa dukani kienyeji.

Krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli au betamethasoni. Klobetasoli ni steroidi kali mno. Gramu 2 tu kwa siku zinatosha kuanza kuizima njia ya kortisoli, na mtu anayejipaka mwili mzima asubuhi na jioni anapita hapo mbali sana. Ubongo unaona steroidi imejaa, unaacha kutoa ACTH, na adrenali zikikaa miezi bila ACTH zinasinyaa. Anayezimeza ni hivyo hivyo. Ukilinganisha nguvu, kortisoli miligramu 20 ni sawa na prednisoloni 5 na deksamethasoni 0.75. Kwa hiyo kidonge kimoja kidogo cha deksamethasoni cha miligramu 0.5 anachomeza mtu ili anenepe kinazidi nusu ya kortisoli yote anayoihitaji kwa siku, na wengi wanameza viwili vitatu.

Dalili za kuzidisha: uso unakuwa wa duara, nyama inajaa nyuma ya shingo, miguu na mikono inakonda, ngozi inakuwa nyembamba na kuchubuka kirahisi, michirizi mipana ya zambarau tumboni na mapajani, kushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kujishika. Sukari na presha zinapanda. Fangasi na majipu hayaishi, kwa sababu kinga imekandamizwa.

Hatari kubwa ni siku ya kuacha. Mtu kaambiwa krimu ni mbaya, anaitupa leo leo. Wiki hiyo anaishiwa nguvu, anatapika, tumbo linamuuma, anaanguka akisimama. Watu wanadhani amerogwa au ni malaria. Ametumia wiki tatu hadi nne au zaidi kwa kiwango cha prednisoloni 5 kwenda juu? Asiache ghafla. Aende kwa daktari apunguziwe hatua kwa hatua. Na ninyi wenzangu wa maduka ya dawa muhimu, hizi ni dawa za cheti. Mteja akitaka "zile za kunenepa", kazi yetu ni kumnyima na kumweleza.

#8 Mwongoza_Mlima

Mkuu Mfamasia, umegusa deksamethasoni. Huku mlimani Kilimanjaro inatumika kwa ugonjwa wa kimo, yaani kuumwa kwa sababu ya kupanda juu sana. Je, nayo inaizima hiyo njia? Na kuondoka kambi ya Barafu au Kibo saa sita usiku kwenda kileleni, mwili unalichukuliaje?

#9 Mfamasia_Njiro (Arusha)

Mlimani ni dawa ya kuokoa maisha na itumike bila woga pale inapohitajika. Ubongo ukivimba kwa sababu ya kimo, yaani mtu anayumba, hawezi kutembea kwa kufuatisha mstari, anaongea ovyo, anapewa miligramu 8 mara moja kisha 4 kila baada ya saa sita, na anashushwa. Dawa haichukui nafasi ya kushuka. Siku mbili tatu za matumizi hayo haziui adrenali na hazihitaji kupunguza taratibu. Shida ni mtu kuimeza kila safari msimu mzima ili asijisikie vibaya. Kwa kuzuia ugonjwa wa kimo, dawa ya kawaida ni asetazolamaidi, miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, na kupanda taratibu.

Lile la saa sita usiku namwachia mwenye uzi.

#10 Tezi_na_Damu (Moshi)

Saa ile kortisoli ya mtu aliyezoea kulala usiku iko chini kabisa. Unapoanza kupanda kutoka mita 4,673 za Barafu kwenye baridi na oksijeni haba, mwili unalazimika kuisukuma juu kabla ya wakati wake, na adrenalini inafanya kazi kubwa kuliko kawaida. Sukari kwenye misuli inaisha haraka huku hamu ya kula haipo. Kula kabla ya kuondoka hata kama hujisikii, na njiani kitu chenye wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa: biskuti, chokoleti, chai yenye sukari. Wanga wakati wa kazi ndefu unapunguza kupanda kwa kortisoli. Chupa ya maji ikae ndani ya koti, isigande.

Kwa waongozaji na wapagazi wanaounganisha safari bila mapumziko, kinachowaangusha ni usingizi. Mwaka 2015 utafiti wa Aric Prather na wenzake uliwawekea watu 164 virusi vya mafua puani. Waliolala chini ya saa sita waliugua kwa uwezekano wa mara nne hivi kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Kati ya safari na safari, usiku wa kwanza na wa pili nyumbani uwe wa kulala.

#11 Nesi_Pasua (Moshi)

Jambo moja ambalo kwa mkoa wetu haliwezi kuachwa ni TB. Siha tuna Kibong'oto, hospitali ya TB tangu 1926, kwa hiyo ugonjwa huu tunaujua. Msongo wa muda mrefu na steroidi vyote vinalegeza ile kinga inayoifungia bakteria ya TB ndani ya mapafu. Mtu anayemeza prednisoloni miligramu 15 au zaidi kwa siku kwa mwezi au zaidi, hatari ya TB iliyolala kuamka inapanda.

Halafu kuna upande wa pili. TB yenyewe inaweza kuingia kwenye adrenali na kuziharibu. Thomas Addison aliueleza ugonjwa huo mwaka 1855, na kwenye nchi zenye TB nyingi bado ni sababu kubwa. Mgonjwa anakonda, anachoka, anatamani chumvi kiasi cha kuilamba, presha inaanguka akisimama, na rangi inakolea kwenye fizi, kwenye mistari ya viganja na kwenye makovu. Kwa ngozi yetu nyeusi uso haukuambii kitu, mfungue mdomo umwangalie fizi. Mtu huyu ndiye anayeambiwa miezi sita mfululizo kwamba ana mawazo.

Na mkimwanzishia dawa za TB, rifampisini inaharakisha ini kuvunja kortisoli. Aliyekuwa anajikongoja na adrenali nusu anaweza kuanguka ndani ya wiki za kwanza. Ikitokea: haidrokotisoni (kortisoli iliyotengenezwa kama dawa) miligramu 100 kwa mshipa au msuli papo hapo, maji ya chumvi lita moja ndani ya saa ya kwanza, pimeni sukari, kisha miligramu 50 kila baada ya saa sita. Msisubiri jibu la maabara. Toeni damu, chomeni dawa. Na aliyekuwa tayari kwenye prednisoloni, mkumbusheni daktari aipandishe dozi, kwa kawaida maradufu, muda wote wa rifampisini.

#12 Mzee_wa_Mbuyuni

Vijana mmenifungua macho. Sasa mtu wa kawaida, mlinzi wa usiku au mama wa gengeni, afanye nini? Asiwe na hela ya vipimo vingi.

#13 Tezi_na_Damu (Moshi)

Shikamoo mzee. Kabla ya kusema ni msongo, vitu vichache vipimwe, na zahanati nyingi zinavyo: presha, sukari, wingi wa damu, VVU, na maswali ya TB (kikohozi wiki mbili, homa, jasho la usiku, kupungua uzito). Presha ipimwe mtu akiwa amekaa dakika tano bila kuongea, mkono usawa wa moyo, bila kahawa nusu saa kabla. Ikiwa 140/90 au zaidi, irudiwe siku nyingine. Sukari ya kabla ya kula ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi mara mbili, hicho ni kisukari, na msongo utakuwa umeipandisha tu. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda huku anakula vizuri, shingo imejaa: hilo ni rovu linalotoa homoni kupita kiasi, apimwe TSH, asipewe ushauri nasaha peke yake.

Vipimo vikiwa safi, tunarudi kwenye ratiba. Saa ya kuamka iwe moja, Jumapili na Jumatatu, hata kama umelala vibaya. Kulala hakulazimishiki, kuamka kunalazimishika, na kortisoli inajipanga kutokea hapo. Ndani ya saa ya kwanza toka nje upate mwanga wa anga, dakika 15 hadi 30. Mwezi wa saba Moshi ikiwa imefunga mawingu, kaa nje muda mrefu zaidi, mwanga wa mawingu bado unazidi taa ya ndani kwa mbali. Kahawa nusu ya nguvu yake inabaki mwilini kama saa tano, hivyo ya mwisho iwe kabla ya saa nane mchana. Pombe inaleta usingizi haraka na kuukata kuanzia saa nane usiku. Mirungi, mbali na kuwa kosa kisheria, inafanya kazi ya adrenalini: presha juu, njaa hakuna, usingizi hakuna, na kesho yake mtu ameporomoka moyo.

Mlinzi wa usiku ana kazi ngumu zaidi na anastahili msaada wa familia. Alale mara tu anapofika nyumbani, saa zile zile kila siku, hata siku ya mapumziko alale angalau saa nne zinazogusana na usingizi wake wa kawaida. Dirisha lizibwe kwa kitambaa kizito, kanga haitoshi. Avae kofia au miwani ya jua akirudi asubuhi. Mlo mkubwa ale kabla ya lindo, na kati ya saa sita na saa kumi na moja alfajiri ale kidogo tu, kwa sababu saa hizo insulini inafanya kazi vibaya na sukari inapanda kwa chakula kile kile.

Kuna zoezi la pumzi linaloshusha mapigo ya moyo bila gharama. Vuta kwa pua ukihesabu nne, toa polepole ukihesabu sita, dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakoamsha vegasi, mshipa wa fahamu unaotuliza moyo. Ukiona kizunguzungu au ganzi midomoni, unavuta kwa nguvu mno. Punguza kina, si kasi. Na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Mama wa gengeni anayesimama siku nzima bado anahitaji kutembea, kusimama si sawa na kutembea.

Mawazo ya kutaka kujidhuru, au mtu kukosa usingizi na hamu ya vitu vyote zaidi ya wiki mbili, huyo asikae na zoezi la pumzi. Apelekwe hospitali, Mount Meru au KCMC wana wa kumsikiliza.

#14 Kijana_Ngarenaro

Mkuu nimemaliza kusoma vyote. La mwisho: mkanda wa jeshi ukishatoka ni kusubiri? Na mtu mwenye msongo aahirishe chanjo?

#15 Nesi_Pasua (Moshi)

Mkanda wa jeshi usisubiri hata siku moja ndugu. Asaikloviri miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba, ianzwe ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatoke. Ukichelewa maumivu yanaweza kubaki miezi. Kipimo cha VVU kifanyike siku hiyo hiyo. Ukiwa usoni karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, nenda kwa daktari wa macho leo. Dawa ya meno na majivu visipakwe.

Chanjo asiahirishe. Msongo unapunguza kingamwili zinazotengenezwa, hauziondoi. Alale vizuri usiku wa kabla na usiku kadhaa za baada, kwani waliolala saa nne nne kwenye utafiti mmoja wa chanjo ya mafua walikuwa na kingamwili chini ya nusu siku kumi baadaye. Anayesubirishwa ni yule aliye kwenye prednisoloni miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa wiki mbili au zaidi: chanjo hai kama ya homa ya manjano na surua isubiri mwezi mmoja baada ya kuacha dawa. Pepopunda na homa ya ini B apewe tu.